Antena Iliyokubali Kila Kitu

Mtu huyu sitamtaja jina, na si kwa heshima tu. Jina lake wengi hatukulijua. Mtaani kwetu Kampemba tulimwita Fonisti, mtu wa foni. Foni ni ile redio ya kusema na kujibiwa ambayo zamani kila mwenye ndugu kijijini aliipangia mstari, na ambayo hata leo inafika kule ambako simu hazifiki. Mkewe alimwita Fonisti. Siku alipolazwa kwa malaria, karatasi ya kitandani iliandikwa Fonisti, naye akaitika.

Nilimjua miaka mingi, na miwili ya mwisho nilimchukia. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana nimekaa kumsifu mzee wa watu kama wanavyosifiwa wazee wakishapita. Kwanza hajapita. Pili, mimi ni fundi cherehani, lugha ya kusifia sina. Nina jicho la kuona mshono ulipofumukia, basi.

Alikuwa na sauti moja tu. Kuzaliwa, kufiwa, mahari, mbuzi aliyepotea, yote aliyasoma hewani kwa sauti ileile, kama anasoma bei ya simenti. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wawili, alikuja kumtumia mumewe ujumbe, akaona haya kuusema mbele za watu, akamnong'oneza. Fonisti akaandika kwenye daftari, akashika kipaza sauti, akautoa neno moja moja: "Bibi yako. Anasema. Kitanda. Kiko. Baridi. Rudisha." Watu wa kwenye benchi walicheka mpaka machozi, na yule mama akajifunika kitenge uso mzima. Upande wa pili mume naye hakuachiwa. Ilibidi aseme, huku nyuma yake tunasikia kijiji kizima kinacheka: "Kitanda kiko baridi. Bien reçu." Aliposema hilo la mwisho, yaani nimepokea vema, ndipo Fonisti alipotia alama yake.

Hiyo "rudisha" ndiyo iliyokuwa sheria ya kazi yake. Kila ujumbe aliuandika kwanza, pamoja na saa na jina la kituo. Mtu wa upande wa pili alitakiwa kuurudia wote kama ulivyo. Akishaurudia, Fonisti alitia alama ya vema pembeni kwa kalamu nyekundu. Hata umlipe, hata umlilie, ujumbe ambao haukurudishwa kwake ulikuwa haujaenda, na ukurasa wake hakuufunga. Mwisho wa siku alipiga mstari chini ya ukurasa uliotimia, akalilaza daftari juu ya redio, akaenda kuswali. Mkewe aliniambia kwamba hata na Mungu alisema kwa sauti ileile ya simenti.

Nakumbuka alivyomfanyia kijana mmoja aliyekuwa kijijini, ambaye mama yake alikuwa amefariki hapa mjini usiku uliotangulia. Fonisti alimsomea habari. Kijana akaanza kulia, na kilio cha mtu kwenye redio ni kitu kibaya, kinakatika na kurudi. Fonisti alingoja kidogo, kisha akasema, "Rudisha."

"Papa, muache alie kwanza," nilimwambia. Nilikuwa nimekaa benchi nikingoja zamu yangu, na siwezi kukaa kimya, ndivyo nilivyozaliwa.

"Atalia, iko na siku yote ya kulia," alinijibu bila kugeuka. "Lakini kama harudishe, message bado kufika. Na kama bado kufika, watamuzika mama yake na yeye hayuko."

Yule kijana akarudisha. Alirudia kifo cha mama yake neno kwa neno, na saa ya mazishi, na jina la makaburi. Akafika siku ya pili, kabla mwili haujatolewa nyumbani. Mimi niliendelea kuona kwamba Fonisti hana moyo, nikawaambia hivyo wateja wangu wote.

Zamani foni yake ilikuwa na antena ya kweli, waya wa mita ishirini uliokatiza kiwanja kutoka nguzo mpaka nguzo, na sisi wanawake tulikatazwa kuutundikia nguo. Halafu kiwanja kikagawanywa, kipande kikubwa kikauzwa, na aliyenunua akapandisha nyumba ya ghorofa mpaka juu ya ukuta. Fonisti akabaki na chumba kimoja cha foni, chumba cha kulala, na ua ambao ndoo na mwenye ndoo hawawezi kupishana. Waya ukashuka. Alijaribu kuukunja, akauzungusha kwenye paa, akauchomeka dirishani. Ulipokea makelele tu.

"Onde, ile mawimbi ya redio, iko murefu," alinieleza siku hiyo, akipima hewa kwa mikono. "Metre makumi ine. Antenne inapenda kuwa nusu yake. Ukiifupisha sana, inakasirika. Inakubali kusema nawe ku fashi moya tu, pahali pamoya, kidogo sana, kama bibi mwenye kununa."

Akatengeneza kitanzi. Kilikuwa duara la bomba jembamba alilolitoa kwenye friji lililokufa, upana wake kama gurudumu la baiskeli, limesimama uani kwenye kigogo. Ncha zake mbili hazikugusana. Katikati yake alifunga vipande viwili vya bati vinavyosogeleana na kuachana, na kwa kuvisogeza alichagua mahali pa kusikia na kusemea. Mkono haukutakiwa kukaribia, maana mwili wa mtu unavuruga kila kitu, na siku moja kilimchoma kidole mpaka ukucha ukawa mweusi. Kwa hiyo alikisogeza kwa kijiti cha mwanzi mrefu kuliko yeye. Juu ya duara alining'iniza kitaa kidogo alichokitoa kwenye bisibisi ya mafundi umeme. Akisema redioni na mambo yako sawa, kile kitaa kinawaka chenyewe bila waya, rangi ya chungwa. Wateja walikuja kukiangalia kama sinema.

Kitanzi kilifanya kazi. Ubaya wake ulikuwa wembamba. Ukisogeza kijiti upana wa ukucha, sauti inakuja. Ukizidisha ukucha mwingine, imekwenda. Na redio ya kijijini kwa yaya yangu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, ilikuwa kuukuu, betri yake imechoka, kwa hiyo sauti yake haikutulia mahali pamoja, ilitambaa. Fonisti aliinuka, akatoka uani, akasogeza kijiti, akarudi ndani, akaketi, sauti ikatambaa tena. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Kwa mazungumzo ya robo saa aliinuka mara kumi.

Kwenye mlango wa chumba cha foni aliandika kwa chaki maneno aliyokuwa akiwafundisha vijana wa ufundi waliokuja kwake Jumamosi: ndogo, pana, na nguvu. Chini yake: chagua mbili. Aliwaeleza hivi: "Antenne kidogo Mungu anakupatia bitu mbili. Ya tatu anabakia nayo. Muntu akikuambia eko nazo zote tatu, angalia mufuko yako." Siku moja sokoni alimkuta mtu anauza antena fupi zenye kung'aa, anazisifu kwamba zinashika dunia nzima. Fonisti alinunua moja, akaipasua palepale kwa kisu mbele ya watu. Ndani mlikuwa na springi ya kalamu na udongo wa kuongezea uzito. Akamrudishia vipande. "Kweli iko mupana," alimwambia. "Iko mupana sababu haifanye kitu." Watu walicheka, na mimi nilimpenda siku ile, nakiri.

Kitu kingine kilichomkera ni shaba. Magari makubwa yenye mabamba ya shaba kutoka migodini upande wa Kinsevere yalipopita barabarani, alisimama na kuyatazama mpaka yaishe. Alinieleza kwamba antena kubwa ni tajiri, ukiiibia kidogo haioni. Kitanzi ni maskini. Kinachotoka hewani ni kidogo mno, kwa hiyo bomba jembamba na kila mahali palipoungwa kwa risasi ya kulehemu panakula sawasawa na kile kinachotoka. Dawa ni bomba nene la shaba, mita tatu, bila kiungo. "Dunia muzima inakunywa shaba yetu," alisema, "na miye natafuta metre tatu ya tuyau." Tena kwa sauti ileile, hata kulalamika hakujua.

Sasa yaya yangu. Alikuwa muuguzi kwenye kituo cha afya ng'ambo ya Mitwaba, amenizidi miaka sita, na ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, nilifunga cherehani nikaenda kwa Fonisti kuzungumza naye. Tulizungumza mambo ya kipuuzi, nani ameolewa, nani amenenepa. Katikati ya kicheko yaya anatambaa, anapotea, na Fonisti anainuka na goti lake. Iliniudhi. Nilikuwa nalipia mazungumzo na kupata vipande.

"Papa," nilimwambia Alhamisi moja, "kila siku tunamupoteza yaya mara kumi. Tengeneza antenne yenye kuwa mupana, usikuwe unasimama-simama."

"Mupana iko na bei."

"Bei gani?"

"Nguvu." Alionyesha mlango kwa kidevu, yale maandishi ya chaki.

"Yaya anatusikia muzuri sana. Nguvu tuko nayo mingi, punguza kidogo." Alichukua kalamu, akarudi kwenye daftari lake. Nami, kwa kuwa mdomo wangu haujui kituo, nikaongeza: "Bantu banasemaka Fonisti alizeeka."

Hakuna aliyekuwa amesema. Nililitunga palepale, kama mtu anavyomchapa punda atembee.

Baada ya majuma mawili aliniita nione. Chini ya kitanzi palikuwa na mkebe wa maziwa ya unga, umejazwa mafuta ya kupikia, na ndani ya mafuta mmezama vijidude vinavyoitwa rezista, na nyaya mbili kutoka humo kwenda kwenye kitanzi. Ndani ya chumba alinionyesha mshale wa mita inayopima kile ambacho antena inakikataa na kukirudisha. Zamani mshale ule ulilala mahali pamoja tu, na kwingine kote uliruka. Sasa alizungusha kitufe cha redio kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mshale ukabaki umelala kwenye sifuri. Antena ilikuwa inakubali kila kitu. Fonisti alitabasamu, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba hana meno mawili ya chini.

Vile vipande vya bati, kwa kuwa havikuhitaji kusogezwa tena, alivigandisha kwa gundi ya gari na kuvipaka rangi mvua isiingie. Kijiti cha mwanzi alimpa mkewe aegemezee kamba ya nguo. Kitaa hakikuwaka tena. Nilimuuliza, akasema kimechoka.

Majuma sita tulistarehe. Sauti ya yaya iliweza kutambaa itakako na antena ikamfuata, na Fonisti hakuinuka hata mara moja. Yaya alisema tumekuwa wadogo kidogo, kama tumesogea mbali, lakini anatusikia. Paka wa jirani alipata tabia ya kuja kulala juu ya ule mkebe kila tulipomaliza kuzungumza, amejikunja, macho amefumba. Watu wa benchi walicheka kwamba hata paka anapenda foni. Fonisti hakucheka. Alitoka, akamfukuza kwa ufagio, akashika mkebe kwa kiganja, akarudi ndani bila kusema. Joto alilolilalia yule paka, nilikuja kuelewa baadaye, lilikuwa maneno yetu. Yalikuwa yanageuzwa moto na zile rezista ndani ya mafuta badala ya kwenda Mitwaba, na mshale ukisema sifuri, hakuna kilichorudi.

Jumanne moja ya masika yaya aliita na hakucheka. Alisema tumbo linamuuma upande wa kulia, chini, na anajua ni nini, amewaona wengi. Lazima apasuliwe mjini. Kaka yetu alikuwa na gari. Tukamwambia angoje, kaka anaondoka leo hii, atamfuata. Alirudisha kama ilivyo desturi: "Ningoye motokari ya kaka. Bien reçu." Fonisti akatia alama nyekundu.

Gari halikufika hata nusu ya njia. Ekseli ilikatika matopeni, na kaka akarudi Jumatano jioni kwa pikipiki ya watu. Hakukuwa na gari lingine la kupata. Lakini tulijua Alhamisi asubuhi lori la mahindi, camion tunavyoliita, hutoka pale kijijini kuja mjini. Alhamisi saa nne kasoro nilikuwa kwa Fonisti, na ujumbe wangu ulikuwa mfupi. Aliuandika: Panda camion. Usingoye motokari.

Yaya alikuja hewani kabla hatujamwita. Sauti yake ilikuwa safi, nyuma yake mvua inapiga bati na radi inakwaruza.

"Kampemba, munanisikia? Camion iko inawasha moteur. Chauffeur anauliza. Nipande ao ningoye kaka?"

"Panda camion," Fonisti akasema. "Usingoye motokari. Rudisha."

"Kampemba? Nipande ao ningoye?"

Akarudia. Mimi nikamnyang'anya kipaza sauti, nikapiga kelele, yaya panda, panda, panda, mpaka watu wa ghorofani wakatoka kwenye baraza kutazama. Yaya akasema: "Sisikie kitu. Nasikia mvua tu." Sisi tulikuwa tunamsikia hata anavyovuta pumzi. Kumbe kupokea si kazi, hata antena mbovu inapokea. Kutuma ndiyo kazi, na kule kwenye makelele ya radi, kile kidogo kilichobaki cha sauti yetu hakikutosha.

Hapo Fonisti aliinuka. Nilikuwa sijawahi kumwona anakimbia. Alitoka uani na koleo, akakata nyaya za mkebe, mafuta yakamwagika. Akashika kile kijiti kilichokuwa kwenye kamba ya nguo, nguo za mkewe zikaanguka matopeni. Lakini vipande vya bati vilikuwa vimegandishwa. Alivigonga, akavichokonoa kwa kisu, gundi ile aliiweka mwenyewe na aliiweka vizuri. Na mimi ndani, peke yangu na redio, nikasikia yaya anasema na dereva pembeni, halafu anarudi.

"Basi. Kama hamujibu, ndiyo kusema kaka iko karibu. Chauffeur, kwenda tu. Miye nangoya."

Lori likaondoka, tulilisikia. Fonisti alipofanikiwa kuvibandua vile vipande ilikuwa imepita saa nzima, na kituo kilikuwa kimezima redio mpaka Jumanne kutunza betri. Yaya alingoja Alhamisi, akangoja Ijumaa. Alifariki Jumapili, wanasema ameketi kwenye ngazi ya kituo, na mfuko wake wa safari miguuni.

Kwenye kilio nilisimama nikasema Fonisti amemuua kwa antena yake ya mkebe. Nilisema wazi, na kila mtu alisikia, na benchi lake likabaki tupu tangu siku ile. Sikusema ni nani aliyeiomba ile antena. Kwa miaka miwili sikusema. Nilishona sare za shule, nilishona nguo za harusi, nikipita mtaa wake nazungukia nyuma, na nikiulizwa nilisema siwezi kumwona mzee yule. Ilikuwa kweli, lakini si kwa sababu waliyoidhani.

Mwezi uliopita mkewe alikuja kwenye cherehani yangu. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. "Anakuomba ukuye Alhamisi," alisema. "Anasema kaye yake, ile daftari, bado kufungwa."

Nilikwenda. Nitasema kweli, nilikwenda nikitaka kumwona amechakaa, na nilimwona. Goti lilikuwa limekataa kabisa, alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya redio, miguu imefungwa kanga. Chumba cha pili kilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na kitanda wala friji, mkeka tu. Uani palisimama kitanzi kipya. Bomba lilikuwa la shaba, nene kama dole gumba, kipande kimoja bila kiungo, jekundu kabisa.

"Kitanda na frigo vilikwenda kwa fundi wa baridi," alisema alipoona ninatazama. "Alikuwa na tuyau ya zamani ya chambre froide, ile ya kugandisha nyama."

Nilibaki nimesimama. Daftari lilikuwa wazi kwenye mapaja yake, ukurasa ambao wino wake umeanza kufifia. Sikuhitaji kuusoma.

"Ulisema ku kilio ni miye," alisema.

"Nilisema."

"Ulisema kweli."

"Papa, ni miye nilikuomba ikuwe mupana. Na bantu hawakusema umezeeka. Hakuna hata mumoya alisema."

Alitikisa kichwa, kama mtu anayerudishiwa chenji asiyoihitaji. "Weye unashonaka manguo. Haukuyua. Miye niliyua siku ya kwanza. Nilitia mukono ku boîte, nikasikia moto. Kitaa haikuwaka, nikakuambia imechoka. Muntu anafundisha batoto ya bantu miaka yote ile, anasikia moto mu mukono yake, ananyamaza. Aiguille, ule mushale, ilikuwa ku zéro. Nilipenda kuona zéro."

Nilitaka anitukane. Ningelipa nusu ya cherehani ili anitukane. Badala yake alinionyesha kijiti cha mwanzi kilichoegemea mlango, kilekile. "Goti yangu hainyanyuke tena. Weye utashika kule inje. Ukiona kitaa inawaka, simama palepale, usipumue."

Kituo bado kipo, na redio ileile, ila sasa ina betri mpya na muuguzi mwingine. Saa nne kamili Fonisti akaita. Niliingiza kijiti, nikasogeza, ukucha mmoja, ukucha mwingine, na kile kitaa kikawaka rangi ya chungwa, kikali kuliko nilivyowahi kukiona. Nikashikilia. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia jibu, sauti ya msichana mdogo.

"Kampemba, nakusikia cinq sur cinq. Huku mvua iko inapiga na radi mubaya, lakini unaingiya kama uko hapa mu chumba."

Nilibana kijiti kwa mikono miwili. Fonisti hakugeuka kunitazama.

"Niko na message," alisema. "Andika."

"Iko ya nani?"

"Andika kwanza." Akainua daftari karibu na macho. "Panda. Camion. Usingoye. Motokari. Rudisha."

Ilikuwa sauti ileile, ya bei ya simenti. Tukasikia mvua ya kule, halafu yule msichana akarudisha taratibu kama mtu anayeandika: "Panda camion. Usingoye motokari. Bien reçu." Fonisti akachukua kalamu nyekundu, akatia alama ya vema pembeni mwa ukurasa, akapiga mstari chini yake.

"Lakini Kampemba," msichana akasema, "hapa leo hakuna camion. Message iko ya nani? Niende kumwita nani?"

Fonisti aliweka kalamu chini, akanitazama kupitia mlango, akingoja niseme jina la yaya. Nilijaribu. Kisha nikasogeza kijiti upana wa ukucha, na sauti ikapotea ikiwa bado inauliza.